Pijo ya Mzee Sefu na Ripoti Niliyoiandika Mara Mbili

Ninyi mnaoingia sasa kwenye kazi ya kukadiria hasara za magari mnapiga picha kwa simu, mnazituma mkiwa bado mmesimama barabarani, na kabla hamjarudi ofisini meneja wa madai ameshaziona. Sisemi ni vibaya. Mimi, Pili Ramadhani, nilianza na kamera ya filamu. Ukipiga picha Mikumi, filamu inasafishwa Morogoro, na huko ndiko unakogundua kwamba kidole chako kilikuwa mbele ya lenzi. Nimestaafu mwezi uliopita. Mambo ya vyeo na mishahara nayaacha, kwa sababu hakuna aliyejifunza kazi kutoka humo. Nitaeleza nilivyofundishwa, kisha nitaeleza gari moja lililonifundisha upya wakati nilishajiona nimemaliza kujifunza.

Nilizaliwa Kilosa, kwenye nyumba za reli. Babu yangu aliletwa na kazi ya kutandika reli na hakuona sababu ya kurudi alikotoka. Kwetu watoto walijua saa kwa mlio wa treni, na treni ikichelewa na sisi tulichelewa shule. Labda ndiyo maana sikuogopa vyuma. Nilipomaliza chuo cha ufundi nilipata nafasi kwenye ofisi ndogo ya wakadiriaji mjini Morogoro, ambayo kampuni za bima ziliipa kazi za kukagua ajali. Nikakabidhiwa kwa Bwana Gervas.

Bwana Gervas alikuwa fundi bodi kabla hajawa mkadiriaji. Nyundo ilimwachia vidole tisa na sikio moja zuri. Siku yangu ya kwanza alinipeleka Mikumi kwenye lori lililopinduka. Mwenye lori alimsalimu, akanitazama mimi, akauliza, "Huyu ni karani wako?"

"Huyu ndiye mkaguzi," Bwana Gervas akajibu. "Mimi namwendeshea gari tu."

Nilidhani anatania. Akaketi juu ya tairi, akafungua chupa yake ya chai, akaniacha nizunguke lori hilo karibu saa mbili bila kujua ninatafuta nini. Niliporudi akaniuliza nimeona nini. Nikamtajia: kioo, taa, bampa, mlango wa kushoto.

"Hivyo hata mwenye gari ameviona," akasema. "Nenda tena. Safari hii inama."

Begi lake lilikuwa na vitu vinne: tochi, futi ya chuma, brashi kuukuu ya rangi ya kupangusia vumbi, na sumaku aliyoifunga kwenye kitambaa kama mtu anayehifadhi dhahabu. Sumaku hiyo ilikuwa ndiyo shule. Ukiipitisha kwenye bodi, inanata palipo na chuma. Ikifika mahali ikaanguka, ujue chini ya rangi kuna puti, yaani gari liliwahi kugongwa, likajazwa, likapakwa rangi, na mwenye gari hakukwambia. Alinifundisha pia kutazama chuma kilichovunjika. Mvunjiko wa jana unang'aa. Mvunjiko wa mwaka jana una kutu, hata mwenye gari aape vipi kwamba ni wa jana.

Kesi iliyonipa jina ilikuwa ya pikapu moja hapo Kilosa, baada ya mvua kubwa kuingiza maji mjini. Mwenyewe alidai gari lilizama hadi kwenye vioo. Viti vilikuwa vimelowa kweli, na yeye alikuwa na huzuni ya kutosha kwa watu watatu. Nilifungua taa ya mbele, nikafungua ya nyuma, nikang'oa zulia chini ya usukani. Safi kabisa. Maji ya mafuriko hayana adabu, yanaacha tope hata mahali ambapo fundi aliyeliunda gari hafiki. Maji ya mpira wa bustani huingia pale tu yanapoelekezwa. Nilimweleza hivyo kwa upole. Akauliza kama naweza kumsaidia kuvikausha viti.

Miaka ikaenda namna hiyo. Kipande changu kilikuwa kuanzia Dumila hadi Kilosa, na Mikumi kushuka hadi mashamba ya miwa ya Ruhembe. Yadi ya polisi Mikumi niliijua kuliko jiko langu. Nyani wa pale walijua begi langu. Walishaninyang'anya ndizi, chapati, na mara moja kalamu, ambayo nyani aliionja akairudisha. Bwana Gervas alistaafu akaniachia sumaku. Alifariki miaka michache baadaye, na nilipokwenda kumzika nilikuta nusu ya mafundi bodi wa Morogoro wamesimama pale, hata wale aliowahi kuwakatalia madai yao.

Kisha zikaja kompyuta na jedwali. Unaandika aina ya gari na mwaka wa kutengenezwa, jedwali linakupa thamani ya soko. Kwa magari ya kawaida, yale yanayouzwa kila wiki, jedwali lilikuwa sahihi mara nyingi. Tatizo ni kwamba lilinifanya niwe mwepesi. Nilianza kumaliza kwa nusu saa gari ambalo zamani lingenichukua asubuhi nzima. Ofisi ilifurahi. Mimi nilidhani ule ndio uzoefu.

Hapo ndipo Mzee Sefu alipogonga nyati.

Mzee Sefu alikuwa fundi mstaafu wa karakana ya reli, mjane, mtu wa Kilosa. Alikuwa na Pijo 404 ya zamani, rangi ya maziwa, aliyoinunua mbovu kutoka kwa meneja wa shamba la mkonge wakati shamba linafungwa. Aliitengeneza kwa miaka kumi na moja kwa mikono yake. Kilosa nzima ililijua gari hilo kwa sababu lilikuwa la maharusi. Siku hiyo, saa tano asubuhi, alikuwa anatoka Mikumi kwenda Morogoro, anapita mbugani kwa mwendo wa mzee mwenye gari la kizamani. Nyati akatoka kwenye nyasi. Mzee akapata michubuko. Nyati akainuka, akatikisa kichwa, akaenda zake. Nyati hakuwa na bima wala hakuihitaji. Pijo ikaja yadi ya polisi ikiwa imevutwa, uso wote umeingia ndani.

Siku ile nilikuwa na ajali nne za kukagua. Nililizunguka gari mara moja. Nikapiga picha boneti, taa, mlango uliopinda. Nikaandika mwaka wa kutengenezwa kwenye kompyuta, na jedwali likanipa thamani ambayo isingenunua hata bajaji iliyotumika. Nikaandika: gharama ya matengenezo inazidi thamani ya soko, hasara kamili. Nikasaini. Mzee alikuwa na bima kubwa, kwa hiyo kampuni ikamwandikia barua ya kumlipa thamani hiyo na kuchukua mabaki.

Wiki mbili baadaye alinikuta yadi ya Mikumi. Alivaa shati lililopigwa pasi na kofia, na barua ameikunja mara nne.

"Shikamoo mzee," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye Pili binti Ramadhani? Uliyelikagua gari langu?"

"Ndiye mimi."

Nilijiandaa kwa kelele. Katika kazi hii watu hupiga kelele, nami nilikuwa na majibu yangu ya kila siku. Lakini yeye aliuliza tu, "Ulilala chini ukalitazama kwa uvunguni?"

"Hapana, mzee."

"Uliwasha injini?"

"Hapana."

"Ulifungua mlango wa nyuma? Ule ambao haukuguswa?"

Nikatikisa kichwa.

"Basi gari langu hukuliona," akasema. "Uliona ajali." Akaikunjua barua, akaikunja tena. "Sikuja kugombana. Nimekuja kukuomba ulitazame gari. Ukishalitazama ukasema thamani yake ni hii hii, nitasaini."

Nawaambia kweli, ningependa angepiga kelele.

Gari lilikuwa bado pale, nyuma ya basi lililoungua. Nilivua viatu vya ofisini, nikatandika boksi, nikaingia uvunguni. Chesisi ilikuwa imepakwa rangi kama sufuria mpya. Kutu hakuna. Nilitoa sumaku, nikaipitisha kuanzia nyuma: mlango, paa, kizingiti, mlango. Ilinata kila mahali. Sehemu mbili niliona kiraka, na hata kiraka kilikuwa cha chuma, kimeunganishwa kwa umakini hadi nililazimika kukipapasa kwa kucha ili nijue kinaanzia wapi. Bawaba za milango alizichonga mwenyewe kwenye mashine ya karakana, maana mpya hazikupatikana nchini. Radieta ilikuwa imepasuka, kwa hiyo tuliiwasha injini kwa sekunde chache tu. Iliitika mara ya kwanza. Askari wa zamu aliyekuwa anakula akainua kichwa.

Mzee Sefu alikuwa amesimama pembeni ameweka mikono nyuma, kama mzazi aliyeitwa shuleni.

"Mzee," nikamwambia, "nimekosea."

"Najua," akasema. "Sasa tutafanyaje?"

Hapo ndipo penye kazi yenyewe, na someni vizuri sehemu hii. Kujua kwamba gari ni zuri si ushahidi. Kampuni inataka kujua vitu viwili: gari kama hili watu hununua kwa bei gani, na siku moja kabla ya ajali lilikuwa katika hali gani. Jedwali halikuwa na jibu la swali la kwanza, kwa sababu 404 zilizobaki nchini hazijai yadi moja. Nilipiga simu. Nikampata fundi wa Dar es Salaam anayefufua magari ya kizamani, na watu wawili wanaoyakusanya, mmoja Arusha na mmoja Iringa. Niliwaomba waandike barua, kila mmoja peke yake, bila kumwambia mwenzake: gari la aina hii, bodi ya chuma kitupu, injini yake ya asili, wangelinunua kwa kiasi gani. Barua tatu zilikuja. Hazikufanana, lakini ya chini kabisa ilikuwa mbali sana na thamani ya jedwali langu.

Swali la pili lilikuwa gumu zaidi. Mzee Sefu hakuwa na picha hata moja ya gari lake. "Nilikuwa nalo kila siku," akasema, "ya nini kulipiga picha?" Nilikaa kitini nikatafakari, mpaka nikakumbuka maharusi. Hakuna bibi harusi anayepanda gari lililopambwa bila kupigwa picha.

Kwa hiyo siku zangu mbili za mapumziko nilizimalizia kwenye sebule za watu. Pale Kilosa nilikunywa chai nyumba sita na kufungua albamu sita. Nililiona gari lile likiwa na maua, likiwa na vitambaa, likiwa na watoto juu ya bampa ambao mzee bila shaka aliwafukuza dakika ileile. Mwaka hadi mwaka rangi ilikuwa ileile, milango imekaa sawasawa. Nilijikuta natazama zaidi ya gari. Niliona mtaa wetu wa reli kabla haujabomolewa, na shangazi yangu marehemu akipiga vigelegele nyuma ya umati, mdomo wazi kabisa. Nilikuwa sijui picha hiyo ipo.

Harusi ya mwisho kabla ya ajali ilikuwa ya Mwajuma, ambaye sasa anauza mchele pale Dumila basi zinaposimama. Nilimkuta anapima.

"Shikamoo mama. Unataka wa Kilombero au wa hapa?"

"Marahaba, mwanangu. Nataka picha ya harusi yako."

Akanitazama kama mtu anayeamua kati ya kucheka na kuita jirani. Nilipomweleza kuhusu Mzee Sefu aliacha kupima. "Yule babu? Siku yangu alinifungulia mlango mwenyewe. Akaniambia, 'Bibi harusi, usiharakishe, hili gari halijawahi kumwacha mtu.'" Akatoa simu, akaitafuta. Katika picha ile anaingia garini ameinama kidogo, na kwenye mlango wa Pijo uso wake unaonekana wote: jicho, wanja, tabasamu, hata pini ya shela. Mlango uliojazwa puti hupindisha sura, hautoi kioo namna hiyo. Ilikuwa wiki tano kabla ya nyati.

Niliandika ripoti ya pili. Sentensi ya kwanza ilisema kwamba ripoti ya awali, niliyoisaini mimi, haikuwa na ukaguzi wa kutosha na inafutwa. Mkubwa wangu wa ofisi aliisoma akiwa amesimama. "Pili, kampuni hii inatupa nusu ya kazi zetu." Nikamwambia najua. "Na umebakiza miaka miwili." Hilo nalo nilikuwa nalijua. Akapumua. "Basi ipeleke mwenyewe. Mimi sitaki kuwepo."

Meneja wa madai alikuwa kijana nadhifu anayeitwa Elia. Alinisalimu shikamoo kwa heshima zote, nikaitika, kisha akaanza kunichambua. Mezani aliweka ripoti zangu mbili, sahihi juu ya sahihi.

"Mama, ipi ni ya kweli?"

"Ya pili."

"Na ya kwanza?"

"Ya kwanza niliandika bila kuinama."

Mzee Sefu alikuwa kando yangu, kofia magotini. Elia akasema mkataba unasema thamani ya soko siku ya ajali, wala si mapenzi ya mwenye gari. Alikuwa sahihi. Nikamwambia barua tatu zile ndilo soko, hakuna lingine. Nikamwonyesha fomu ambayo mzee aliandika thamani ya gari, na kampuni ikatoza ada kwa thamani hiyo kila mwaka bila kutuma mtu kulitazama. "Mlipokuwa mnapokea, mliamini," nikasema. "Naomba msiache kuamini leo."

Kisha nikaweka mezani picha ya Mwajuma. Elia aliitazama kwa muda. Akaileta karibu na macho. "Huyu anaonekana kwenye mlango," akasema polepole, na hakuwa anaongea na mimi.

Hakuamua siku hiyo. Walituma mkadiriaji mwingine, kutoka Dodoma, ambaye namshukuru kwa sababu aliinama. Baada ya mwezi na nusu kampuni ilikubali thamani ya ripoti ya pili karibu yote. Nilimpigia simu Mzee Sefu kwa furaha ya msichana. Akashukuru, akauliza, "Na gari nitalichukua lini?"

Hapo ndipo nilipokumbuka kanuni ya mabaki. Kampuni ikilipa thamani kamili, mabaki yanakuwa mali yake. Mwenye gari akiyataka, thamani ya mabaki inakatwa kwenye malipo. Na mabaki yale sasa hayakuwa chakavu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimethibitisha kwa karatasi na picha kwamba ni vyuma adimu. Kadiri nilivyompigania mzee, ndivyo nilivyompandishia bei ya gari lake mwenyewe. Mbaya zaidi, aliyetakiwa kuandika thamani ya mabaki alikuwa mimi.

Nilimfuata Kilosa nikamweleza ana kwa ana. Nilimwambia akichukua malipo yote anaweza kununua gari la kisasa na kubaki na akiba. Akichukua Pijo, kinachobaki kitatosha kuitengeneza tu, tena kwa shida.

"Unaweza kuandika mabaki hayafai?" akauliza.

Swali hilo lilikuwa la haki, na nililiogopa njia nzima. "Siwezi, mzee. Nikiandika hivyo, ripoti ya pili nayo itakuwa ya uongo."

Akatazama kibanda chake cha gari, kilichokuwa kitupu, na misumari ukutani iliyokuwa imening'iniza spana kwa mpangilio. 

"Ungekubali ningekudharau," akasema. "Niletee gari langu."

Lilirudi Kilosa juu ya lori la miwa. Wanasema watu walitoka madukani kulitazama likipita, na hakuna aliyecheka.

Ofisi yetu ilipoteza kazi za kampuni ile kwa karibu mwaka mzima. Mkubwa wangu hakunilaumu kwa mdomo, ila chai ya ofisini ilikuwa inaisha kabla sijafika. Kisha Elia akatuma faili moja, halafu mbili, na kwenye kila moja aliandika kwa mkono wake: akague Mama Pili. Mzee Sefu simu zake zilikuwa za maswali: rangi hii inapatikana wapi, yule mtu wa Iringa bado ana boneti. Nilimsaidia nilivyoweza. Nilijua mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka, kwa sababu binti yake aliniambia anasubiri asubuhi, wakati imetulia, ndipo anapokata chuma.

Wiki ya mwisho kabla sijastaafu alinipigia. Safari hii alitaka bima ya namna nyingine, ile ambayo thamani ya gari inakaguliwa na kukubaliwa na pande zote kabla ya kutokea lolote. Alitaka nije mimi.

Nilikwenda Kilosa asubuhi. Pijo ilikuwa imesimama nje ya kibanda. Nilitandika boksi langu, nikaingia uvunguni, nikatoka, nikapanda juu ya kigoda kutazama paa, nikafungua kila mlango, hata ule wa nyuma. Mzee Sefu alinifuata hatua kwa hatua. Jua lilipofika utosini nikafunga daftari. Akanipa ufunguo.

"Hujamaliza," akasema. "Endesha."

Tulipita mbele ya stesheni, tukashuka hadi daraja la Mkondoa, tukarudi. Usukani ulikuwa mwepesi, gia zinaingia bila kelele, na watu walikuwa wanapunga mikono, si kwangu. Nikiwa kwenye usukani nilijaribu kukumbuka mara ya mwisho nilipopewa gari zima nilikague, nikakosa. Kwa miaka yote ile nilikuwa nakutana na magari baada ya watu kuyapoteza.

Fomu yetu ina sehemu ya kuandika hali ya gari, na kwa kawaida niliijaza mistari sita. Siku ile niliegesha mlangoni kwa Mzee Sefu, nikazima injini, nikaandika neno moja: linatembea. Nikasaini, na hiyo ikawa sahihi yangu ya mwisho kazini.